Tangazo Lisilotaja Jina: Kuuchambua Ukurasa wa Albamu Jaridani

Mazungumzo ya leo yanahusu ukurasa mmoja tu wa jarida, yaani ule ambao kampuni ya muziki huulipia ili kuwaarifu wasomaji kwamba albamu mpya imetoka au inakaribia kutoka. Wasomaji wengi huupita haraka wakielekea kwenye makala na picha za wasanii, na ni wachache wanaojiuliza kwa nini jina limewekwa pale lilipo, kwa nini rangi iliyochaguliwa ni ile, na kwa nini jambo fulani ambalo mtu angetarajia kulikuta halimo kabisa. Hoja kuu ya mazungumzo haya ni moja, nayo itarudiwa kila inapohitajika: usanifu wa tangazo la albamu huanza kwa kuuliza nani atalitazama na anajua nini tayari, na kila kinachowekwa ukurasani, sawasawa na kila kinachoachwa, ni jibu la swali hilo.

Inafaa kuanza na viungo vya tangazo lenyewe. Tangazo la kawaida la albamu hubeba jina la msanii, jina la albamu, picha ya jalada, tarehe ya kutoka, wimbo mmoja au miwili ambayo msomaji huenda ameshaisikia redioni, na maneno machache ya sifa yaliyochukuliwa kwa wahakiki, ambayo mara nyingi huambatana na nyota za kupima ubora wa kazi. Chini kabisa huwa na nembo, yaani alama ya kudumu ya kampuni iliyorekodi, na zamani palikuwa pia na namba ya orodha, ambayo muuza santuri aliitumia kuagizia mzigo. Je, kwa nini jalada huoneshwa karibu kila mara, hata pale ambapo msanii ana picha nzuri zaidi ambayo ingeweza kupamba ukurasa? Jibu linatokana na duka: mnunuzi aliyeliona jalada jaridani alitakiwa kulitambua siku atakaposimama mbele ya rafu yenye mamia ya santuri, hivyo picha ile ilikuwa ikiyazoesha macho yake kazi ambayo yangekuja kuifanya baadaye.

Nembo nayo ina historia inayogusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake waliposafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zao, kampuni iliyowarekodi ilikuwa His Master's Voice, ambayo nembo yake ilikuwa mbwa aliyekaa mbele ya gramafoni akisikiliza sauti inayotoka katika pembe yake. Katika nembo ile hapakuwa na taarabu, wala pwani, wala mwimbaji. Kazi yake ilikuwa kumhakikishia mnunuzi kwamba santuri imetoka kwa watengenezaji wanaojulikana. Nembo huzungumza kwa niaba ya kampuni, ilhali picha na jina huzungumza kwa niaba ya msanii, na msanifu makini huhakikisha kwamba sauti hizo mbili haziingiliani, ndiyo maana nembo huwa ndogo na hukaa pembezoni.

Baada ya viungo huja mpangilio, yaani namna vitu vinavyogawiwa nafasi ukurasani. Msomaji wa herufi za Kilatini huanza juu kushoto na kumalizia chini kulia, na wasanifu wengi huitumia njia hiyo kwa kuweka kile kinachovuta macho sehemu ya juu, na kile kinachomwelekeza mtu la kufanya, kwa mfano tarehe au mahali pa kununua, sehemu ya chini ambako macho huondokea. Njia hiyo haifanani kwa watu wote, kwani jarida la Kiarabu linalosomwa Muscat au Dubai hufunguliwa upande mwingine na kusomwa kutoka kulia, na tangazo lililosanifiwa London haliwezi kupelekwa huko kwa kubadilisha maneno peke yake, bila kuupanga upya ukurasa mzima. Hapa linarudi lile swali la kwanza: nani anatazama, na macho yake yamezoea kutembea vipi?

Kisha kuna ngazi ya umuhimu, ambayo ni namna ukubwa, unene na rangi za maandishi zinavyomwambia msomaji kipi asome kwanza na kipi asome akipata nafasi. Mwimbaji mashuhuri huandikwa jina lake kwa herufi kubwa kuliko jina la albamu, kwa kuwa jina lake ndilo linalouza. Mwimbaji mgeni naye mara nyingi hutanguliziwa wimbo uliokwisha kusikika, kwa sababu wasomaji huenda wanaukumbuka wimbo bila kumjua aliyeuimba. Umbo la herufi huongeza jambo lake. Herufi zenye vikia mwishoni mwa mistari yake, kama zile za vitabu vya zamani, huleta hisia ya ukongwe na utaratibu, na herufi zisizo na vikia huleta hisia ya usasa. Hata nafasi tupu, yaani sehemu ya ukurasa ambayo haikuchapwa kitu, ni uamuzi wenye gharama, kwani kampuni imeilipia kama ilivyolipia sehemu zenye maneno.

Mambo haya yote ni ya lazima, lakini hayatoshi kumweleza mtu jinsi tangazo linavyojenga maana, na kwa sababu hiyo inafaa kumgeukia mwanazuoni wa Ufaransa, Roland Barthes, ambaye mwaka 1964 alichapisha makala iliyochambua tangazo la jarida la kampuni ya vyakula vya tambi iitwayo Panzani. Katika tangazo lile palikuwa na mfuko wa nyavu wa sokoni uliofunguka, ndani yake mkiwa na pakiti za tambi, kopo, nyanya, vitunguu na pilipili hoho. Barthes alionesha kwamba picha hiyo ina maana ya wazi, yaani vitu vyenyewe vinavyoonekana, na pia maana ya ziada, yaani yale ambayo utamaduni umemfundisha mtazamaji kuyahusisha na vitu hivyo, kama vile ubichi wa mboga zilizotoka sokoni punde na ile dhana ambayo Wafaransa walikuwa nayo kuhusu Italia. Akaongeza jambo la tatu ambalo lina manufaa makubwa kwa mchambuzi wa matangazo ya albamu: kwa kuwa picha inaweza kufahamika kwa namna nyingi, maneno yanayoandamana nayo huitia nanga, yaani huizuia isielee ovyo na kuishikilia kwenye maana ambayo mwenye tangazo anaitaka.

Wasikilizaji wa pwani hawahitaji kwenda mbali kulielewa hili, kwa sababu kanga hufanya kazi hiyohiyo kila siku. Kanga ina pindo linaloizunguka, ina mji ulio katikati, na ina jina, yaani yale maandishi yaliyochapwa juu ya pindo la chini. Mchoro mmoja wa korosho unaweza kurudiwa kwenye kanga nyingi, na ni jina ndilo linaloifanya moja iwe ya kumpongeza bibi harusi na nyingine iwe ya kumpelekea jirani ujumbe mkali. Je, mtu akiletewa kanga isiyo na jina ataifasiri vipi? Atamwangalia aliyeileta, atakumbuka yaliyopita kati yao, na maana atailetea mwenyewe kutokana na yale anayoyajua.

Swali hilo la picha isiyotiwa nanga linalipeleka moja kwa moja mazungumzo haya kwenye mfano wake mkuu, nao ni matangazo ya albamu ya nne ya bendi ya Uingereza iitwayo Led Zeppelin, iliyotoka Novemba 1971. Bendi hiyo ilikuwa na watu wanne: mpiga gitaa Jimmy Page, mwimbaji Robert Plant, John Paul Jones aliyepiga gitaa la besi na kinanda, na mpiga ngoma John Bonham. Ilianzishwa mwaka 1968, na katika muda mfupi albamu zake zilikuwa zikiuzwa kwa wingi Uingereza na Marekani. Hata hivyo, albamu ya tatu, iliyotoka Oktoba 1970, iliuzwa vizuri huku baadhi ya wahakiki wakiipokea kwa ubaridi, na katika bendi ilikuwepo hisia kwamba waandishi wanaandika juu ya umaarufu wa jina kuliko wanavyoandika juu ya muziki wenyewe. Page akaamua kwamba albamu inayofuata itatoka bila jina la albamu na bila jina la bendi juu ya jalada, ili muziki ujisemee.

Uamuzi huo uliwatia hofu watu wa Atlantic, kampuni iliyokuwa ikitoa kazi za bendi hiyo, na hofu yao ilikuwa na msingi wa kibiashara ambao haufai kudharauliwa. Santuri isiyo na jina muuza duka ataipanga wapi? Mtangazaji wa redio ataitajaje? Gazeti linalochapisha orodha ya santuri zinazouzwa zaidi litaandika nini kwenye mstari wake? Bendi haikurudi nyuma. Mahali pa jina paliwekwa alama nne, moja kwa kila mwanamuziki, na kampuni ikalazimika kuvigawia vyombo vya habari michoro ya alama hizo ili viweze kuzichapa pale ambapo kwa kawaida jina lingeandikwa.

Na hapa ndipo yalipoingia matangazo. Katika majuma yaliyotangulia kutoka kwa albamu, magazeti ya muziki yalichapisha mfululizo wa matangazo dokezi, yaani matangazo yanayoamsha hamu bila kufunua jambo lote, na kila moja lilibeba alama mojawapo kati ya zile nne. Jina la albamu halikuwepo kwa sababu albamu haikuwa na jina. Kwa mtazamo wa msanifu wa kawaida, jambo hilo ni kama kuipuuza kanuni ya kwanza ya kazi yake, kwa vile tangazo ndilo mahali ambapo jina hupigiwa mbiu kuliko mahali pengine popote. Je, tangazo lisilotaja jina linawezaje kuuza?

Ili kulijibu swali hilo, alama zenyewe zinahitaji kutazamwa kwa makini. Jones na Bonham walizipata zao katika kitabu cha alama kilichotungwa na Rudolf Koch, msanifu wa herufi wa Ujerumani. Ya Jones ni duara moja linalopitana na umbo la pembe tatu za kupinda zilizoungana, na ya Bonham ni pete tatu zilizoingiliana. Plant alijitengenezea unyoya uliozungukwa na duara. Page pia alijibunia ya kwake, na macho ya watu wengi huisoma kama herufi nne za Kilatini zinazounda neno Zoso, ingawa mwenyewe amesema kwamba haikukusudiwa kuwa neno, na hajaieleza maana yake hadharani. Kuna hata alama ya tano, ndogo, ya pembetatu tatu, aliyopewa mwimbaji mgeni Sandy Denny kwa kuwa aliimba na Plant katika wimbo mmoja wa albamu hiyo.

Alama hizi zina sifa ambayo ni rahisi kuisahau mtu anapozitazama leo kwenye skrini inayong'aa. Magazeti ya muziki ya Uingereza ya wakati ule, kama vile Melody Maker na New Musical Express, yalichapwa kwenye karatasi nyepesi za gazeti zinazofyonza wino. Picha iliyopigwa kwa kamera, ili ichapike kwenye karatasi ya namna hiyo, hugawanywa kuwa nukta ndogo nyeusi, na wino unapotanuka nukta hizo huungana, vivuli hujaa, na sura ya mtu hupoteza uhai wake. Mchoro wa mstari hauna nukta hizo, kwani una nyeusi na nyeupe peke yake, hivyo hubaki wazi hata ukichapwa mdogo, hata ukichapwa vibaya, na hata msomaji akiunakili kwa kalamu juu ya daftari lake la shule. Kwa kuchagua alama za mstari, bendi ilipata kitu kinachofaa kwa jalada, kwa tangazo, kwa ngozi ya ngoma na kwa mkono wa shabiki kwa wakati mmoja. Iwe jambo hilo lilikusudiwa au lilijitokeza lenyewe, usanifu ule uliafikiana na karatasi yake, na mchambuzi asiyejiuliza tangazo lilichapwa juu ya nini hupungukiwa na nusu ya maelezo.

Sifa ya pili inahusu mwendo wa majarida yenyewe. Magazeti yale yalitoka kila juma, na wasomaji wake waliyangoja, wakayasoma ukurasa kwa ukurasa na kuyajadili shuleni na kazini. Mfululizo wa matangazo dokezi unahitaji msomaji wa aina hiyo, yule anayerudi juma lijalo akikumbuka alichokiona juma lililopita na aliye tayari kuunganisha vipande. Jarida la mwezi lisingefaa vivyo hivyo, kwa kuwa siku nyingi zingepita kati ya alama moja na nyingine, na tangazo la bango barabarani lingekuwa dhaifu zaidi, kwa sababu wapita njia hawaambatani na bango kwa majuma mfululizo. Kwa maneno mengine, msanifu wa tangazo hupanga nafasi, na katika mfano huu alipanga wakati pia.

Sifa ya tatu ndiyo inayobeba uzito mkubwa kuliko zote, nayo ni ujuzi ambao wasomaji walikuwa nao tayari. Alama isiyojulikana haina maana kwa mtu asiyekuwa na hamu nayo. Ushahidi wa jambo hili uko kwenye alama ya Bonham, ambayo ikipinduliwa hufanana na nembo ya bia ya Marekani iitwayo Ballantine, na mtu aliyekutana na pete hizo pasipo habari ya bendi angeweza kufikiri kwamba anatangaziwa kinywaji. Hivyo ndivyo picha inavyoelea inapokosa nanga, na wala hilo si kosa la mchoro. Lakini mashabiki wa Led Zeppelin walikuwa na nanga yao wenyewe: walijua kwamba albamu ya nne inakuja, walijua wanamuziki ni wanne, na waliziona alama nne zikijitokeza. Tangazo likawaachia kazi ya kulikamilisha, na mtu aliyekamilisha jambo kwa akili yake hulishika kuliko lile alilopewa likiwa tayari, tena huwasimulia wenzake.

Je, basi kila msanii aifuate njia hiyo? Hapana, na hapa mazungumzo haya yanataka kusisitiza kwa nguvu, kwa sababu wasanii chipukizi wengi huiga ukimya wa wakubwa na kuumia. Kuficha jina ni anasa ya yule ambaye jina lake limeshafika kila mahali. Kijana anayetoa albamu yake ya kwanza, akitengeneza tangazo lenye kivuli cha uso, mwezi mwekundu na neno moja lisiloeleweka, anawauliza wasomaji kitendawili ambacho hawana sababu ya kukitegua. Wao hawamjui, na hawamdai jibu. Anachohitaji ni jina linalosomeka, sura inayoonekana, na angalau wimbo mmoja utakaomfanya mtu aseme, kumbe huyu ndiye aliyeimba ule. Ukimya wa Led Zeppelin ulifaa kwa sababu ulikuwa jibu sahihi la swali la nani anatazama, na ukimya huohuo ni jibu baya mahali ambapo mtazamaji hajui chochote.

Kuna pia njia ya kati, na mfano wake unatoka kwa mtu aliyezaliwa Zanzibar. Freddie Mercury, aliyezaliwa mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, alisomea usanifu wa michoro katika chuo cha sanaa cha Ealing, London, kabla ya kuwa mwimbaji wa bendi ya Queen, na ujuzi huo aliutumia kuichorea bendi yake nembo. Nembo hiyo ilijengwa juu ya nyota za kuzaliwa za wanamuziki wanne, zile ambazo wajuzi wa falaki wa pwani huziita Asadi, Saratani na Sumbula: simba wawili kwa Roger Taylor na John Deacon, kaa kwa Brian May, na viumbe wawili wa kike wenye mabawa kwa Mercury mwenyewe, wote wakiizunguka herufi Q, na juu yao ndege mkubwa aliyetandaza mabawa. Hapa pia kila mwanamuziki ana alama yake, lakini zote zimekusanywa katika umbo moja, na kwenye jalada jeupe la albamu ya mwaka 1975, A Night at the Opera, nembo hiyo iliandamana na jina la bendi na jina la albamu. Mgeni anasoma jina na kujua anachonunua, na mwenyeji anazisoma nyota. Tangazo linaloazima jalada la namna hiyo huwahudumia wote wawili bila kumnyima yeyote, na kwa msanii ambaye bado anajenga jina lake, njia hiyo ina busara kubwa kuliko ile ya kuficha kila kitu.

Wasikilizaji wanaweza kuuliza kama haya yana maana yoyote kwa zama ambazo tangazo la albamu huonekana zaidi kwenye simu kuliko jaridani. Yana maana, tena kwa uzito uleule, kwa kuwa maswali hayajabadilika ingawa majibu yamebadilika. Namba ya orodha imetoweka kwenye matangazo mengi kwa sababu wasikilizaji wengi hawapiti tena kwa muuza santuri, na mahali pake pamechukuliwa na nembo za majukwaa ya kusikilizia muziki au ile miraba myeusi na myeupe inayosomwa kwa kamera ya simu. Ukubwa nao umepungua: posta ya albamu ya bongo fleva inayosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp huonekana kwanza ikiwa ndogo kuliko kiganja, na wasanifu wanaorundika ndani yake majina ya watayarishaji, wadhamini, wageni waalikwa na nyimbo zote kumi na mbili huishia na ukurasa ambao hakuna anayeusoma. Msikilizaji anayetaka kujizoeza kuchambua aichukue posta moja ya namna hiyo, aitazame kwa muda mfupi kama apitavyo mtu mwenye haraka, kisha aifunike na kujiuliza amekumbuka nini. Alichokikumbuka ndicho tangazo lilichosema kweli, vyovyote vile mengine yalivyoandikwa.

Zoezi hilo lina sehemu ya pili, ambayo ni ngumu zaidi, nayo ni kuthibitisha kwamba kile kinachodhaniwa kuonekana ndicho hasa kilichopo. Jalada la ile albamu ya nne ya Led Zeppelin lina picha ya mzee aliyeinama akibeba mgongoni mzigo mkubwa wa fito, imetundikwa kwenye ukuta wa nyumba iliyobomolewa nusu, karatasi za ukutani zikiwa zimebanduka, na upande wa nyuma wa jalada jengo la ghorofa nyingi la mjini Birmingham linaonekana kwa mbali. Picha ya mzee huyo Plant aliikuta katika duka la vitu vya kale mjini Reading. Kwa takriban nusu karne wachambuzi waliieleza kuwa ni mchoro wa rangi, wakasema mengi juu ya mkono wa mchoraji asiyejulikana na juu ya mzee wa kubuni anayewakilisha mashamba yanayomezwa na mji.

Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba mtafiti wa Chuo Kikuu cha West of England, kilichopo Bristol, aliikuta asili ya picha hiyo katika albamu ya picha za enzi ya Malkia Victoria, na kumbe ilikuwa picha ya kamera, iliyopigwa na Ernest Farmer karibu na mwaka 1892. Ile iliyonunuliwa Reading ilikuwa nakala yake iliyotiwa rangi. Mzee naye alikuwa mtu halisi, fundi wa kuezeka nyumba kwa nyasi kutoka Mere, katika jimbo la Wiltshire, ambaye utafiti ulimtambua kuwa Lot Long. Maana ya ziada, ile ya mashamba na mji, bado imesimama, na pengine imepata nguvu, kwa kuwa sasa inajulikana kwamba fito zile zilikuwa za kazi halisi. Iliyobadilika ni maana ya wazi, ambayo kila mchambuzi huiandika kwanza kwa haraka akidhani haina ubishi: hiki ni mchoro, yule ni mtu wa kubuni. Kwa hiyo anayeandika uchambuzi wa tangazo au jalada na ataje picha ilitoka wapi, ilipigwa au ilichorwa na nani, na kama hilo halijulikani, asijaze pengo kwa kudhani.